Kitufe cha Machweo

Nyumbani kwetu jua huzama mara mbili. Kwanza hujificha nyuma ya mgongo wa Manga, ulio magharibi mwa shamba letu, na kivuli cha mlima huteremka juu ya majani chai polepole mpaka kifike kwenye mabati ya nyumba. Baadaye huzama kweli, huko tusikokuona, upande wa ziwani. Katikati ya machweo hayo mawili kuna karibu nusu saa, na hiyo nusu saa ndiyo iliyonigombanisha na mama yangu tangu nilipojua kuuliza maswali.

Mama ni Msabato wa kuzaliwa. Sabato huingia Ijumaa jua linapozama, na kwake jua lilikuwa limezama mara tu kivuli kilipogusa kizingiti cha jikoni. Ndivyo alivyofanya mama yake, na Jumamosi Sabato haikutoka mpaka giza liingie. Kivuli kikifika hapo, jembe linawekwa chini, kuni zinawekwa chini, na kama ndizi hazijaiva sufuriani tutazila jinsi zilivyo. Nimekula matoke magumu Ijumaa nyingi za utoto wangu. Nilipokuwa darasa la sita nilimwuliza kama Mungu, alipoitenga siku ya saba, aliipima kwa mlima wa Manga. Aliniambia nikaoshe sufuria zote, na niharakishe, kivuli kinakuja.

Nilirudi kutoka chuo kikuu na shahada ya hisabati, kazi ya kufundisha masomo ya ziada Kisii mjini siku nne kwa wiki, na saa janja ya mtumba. Saa yenyewe ilikuwa imekwaruzika kioo, lakini ilikuwa na kitu kimoja nilichokipenda kuliko hata kuhesabu hatua zangu: ukibonyeza kitufe cha chini na kukishikilia, jua dogo la manjano lilitokea likiteremka kwenye upinde, na chini yake dakika zilizobaki kabla ya machweo. Machweo halisi, bila kujali mlima wa mtu yeyote.

Nilidhani Mama angesalimu amri siku hiyo hiyo. Badala yake alinihoji vizuri kuliko walimu wangu wote. Nani aliiambia saa? Huyo naye aliambiwa na nani? Kama ni hesabu, hesabu haikosei? Nilimchorea dunia na jua kwenye gunia la mbolea kwa kipande cha makaa. Akasema mchoro ni mzuri, akaenda kuzima moto kwa sababu kivuli kilikuwa kimefika.

Kilichomshinda hakikuwa saa. Alhamisi moja tulipanda kumtembelea mama mdogo, ndugu yake anayemfuata, aliyeolewa juu kabisa ya Manga, ambapo boma limekaa ukingoni na siku ya hewa safi unaliona ziwa likimetameta kwa mbali. Mama mdogo aliolewa na Mkatoliki, na tangu hapo, kwa maneno ya Mama, alihamia Jumapili. Jioni tulipoagana, Mama alitazama chini mashariki akaona paa letu limeshaingia kivulini. Kisha akageuka magharibi. Jua lilikuwa bado limesimama pale, kubwa, halina haraka yoyote. Alitazama paa, akatazama jua, akatazama paa tena. Tulipokuwa tukishuka na kijia ndipo alipozungumza.

"Kumbe miaka yote hii nimekuwa nikimzidishia Mungu," alisema, na alionekana amefurahi sana.

Tangu wiki iliyofuata nikawa na cheo nyumbani. Kila Ijumaa Mama alinyoosha kidole kuelekea mkono wangu na kusema neno moja, bonyeza. Nami nilibonyeza na kusoma dakika kama mhubiri anayesoma fungu. Matoke yaliiva. Nilijiona nimeshinda kwa niaba ya sayansi nzima.

Halafu likaja sasisho. Ilikuwa Ijumaa ya msimu wa mvua ndefu, mchana, saa ikiwa kwenye chaji. Iliniuliza kama nakubali masharti mapya. Mimi ninayehoji kila kitu, ninayemwuliza mchungaji maswali mpaka anatafuta kofia yake, nilikubali bila kusoma hata mstari mmoja. Sasisho lilimaliza bando yangu yote ya intaneti ya wiki, saa ikajizima, ikawaka, ikanikaribisha kwenye matumizi mapya na rahisi zaidi. Nikaivaa, nikamfuata Mama kwenye kituo cha majani chai.

Siku za Ijumaa karani wa kiwanda huja mapema, maana anajua nusu ya foleni ni Wasabato. Siku hiyo lori lilikwama kwenye tope, na lilipofika kivuli cha Manga kilikuwa kimeshafunika kituo kizima. Mama alikuwa wa tisa kwenye foleni, na magunia mawili miguuni. Majani yaliyochumwa Ijumaa hayangoji Jumatatu. Hupata joto ndani ya gunia, yakawa mekundu, na karani huyakataa. Kabla ya saa yangu kuja, Mama angekwisha kubeba magunia yake arudi nyumbani, majani amwachie ng'ombe. Sasa alisimama imara, kwa sababu yangu.

"Bonyeza," akasema.

Nikabonyeza. Badala ya jua, kioo kikajaa ua la buluu lililokuwa likipanuka na kusinyaa, na maandishi yakaniomba nivute pumzi taratibu. Nikabonyeza tena. Ua likanipongeza. Nikajaribu kitufe cha juu mara mbili, njia niliyoizoea ya kufikia programu zote, na simu yangu ikaanza kulia mfukoni kwa sauti ya king'ora, kwa sababu kitufe hicho sasa kilikuwa cha kutafuta simu iliyopotea. Foleni yote ikageuka. Nikapekua orodha mpya, mapigo ya moyo, usingizi, maji ya kunywa, mzunguko wa mwezi. Jua halikuwemo. Baadaye niligundua limehamishiwa ndani ya hali ya hewa, nayo haifunguki bila intaneti. Nikaikumbuka ile bando. Ua la buluu lilijirudia lenyewe likasema mapigo yangu yamepanda.

"Zimebaki ngapi?" Mama akauliza.

Ningeweza kusema kumi. Hakuna mtu kituoni ambaye angejua, na kwa makadirio yangu zilibaki kama kumi au zaidi kidogo. Lakini makadirio ndiyo niliyomkataza yeye. Niliupinga mlima wa mama yake kwa sababu ulikuwa unakadiria.

"Sijui," nikasema.

"Wewe? Hujui?"

Wazee wawili mbele yetu, Wasabato pia, waliangua kicheko mpaka mmoja akaegemea gunia. Jirani yetu, mama Mkatoliki aliyekuwa nyuma yetu, alijitolea kupima majani yetu pamoja na yake hata jua likizama. Mama akamshukuru, akakataa. Amri, alisema, haimruhusu hata mgeni akufanyie kazi siku hiyo. Jirani akamjibu kwamba yeye si mgeni wa mtu, amekaa hapa miaka thelathini na bado anamdai Mama sufuria yake kubwa. Wakacheka wote, lakini nilimwona Mama akiinama kushika masikio ya gunia la kwanza. Alikuwa anajiandaa kuondoka.

Kisha akaliachia. "Mpigie mwenye jua," akasema.

Sikumwelewa mpaka aliponyoosha mkono juu ya mlima.

"Yule aliyehamia Jumapili ndiye akutangazie Sabato?" jirani akauliza.

"Alihama yeye. Macho hayakuhama."

Salio la kupiga simu lilikuwepo, sasisho halikuwa limeligusa. Mama mdogo alikuwa anakamua. Nikaweka spika na kumweleza shida, naye akaomba tusubiri amfungulie ndama. Tukamsikia akitembea, ndoo ikigonga, mbwa akifukuzwa, kisha upepo wa ukingoni.

"Naliona," akasema. "Limekaa juu ya wingu kama chapati kwenye kikaango. Mna muda."

Sijawahi kuona foleni ikichangamka vile. Wakatoliki watatu waliokuwa mbele walitoka kwenye mstari bila kuombwa, wakaanza kuinua magunia ya Wasabato na kuyatundika kwenye mizani. Karani, ambaye simjui kwa dini yoyote, aliacha kulalamikia tope na kuandika kwa kasi. Mama mdogo aliendelea kutangaza kutoka juu kama mtangazaji wa mpira. Limegusa milima ya ng'ambo. Limeanza kuliwa chini. Limebaki nusu. Mzee wa kwanza akapimwa, wa pili akapimwa, akabaki pale pale kusikiliza badala ya kwenda nyumbani.

"Limebaki kama ukucha," sauti ikasema wakati gunia la pili la Mama liliponing'inia kwenye ndoano. Karani akasoma uzito. Mashine ya risiti ikafikiri kwanza, ikakwaruza, ikatoa karatasi. Mama akaipokea kwa mikono miwili.

"Limekwenda," akasema mama mdogo. "Haya, Sabato njema, nyinyi watu wa kivulini. Mimi narudi kwa ng'ombe wangu."

Tulirudi nyumbani na magunia matupu, Mama akiimba, nami nikiangalia ua la buluu likinisifu kwa kutulia.

Jumamosi jioni, Sabato ilipokwisha, nilinunua bando na kulipata jua langu mahali lilipofichwa. Ningeliacha hapo ningekuwa mtu mwingine. Nikafungua rekodi ya jana, nikachukua risiti ya Mama iliyochapwa saa na dakika, nikalinganisha. Kwa hesabu ya saa yangu, jua lilizama dakika mbili kabla ya risiti kutoka. Mama mdogo hakudanganya. Aliye juu ya mlima huona mbali zaidi, na jua huagana naye mwisho. Lakini magunia hayakupimwa juu ya mlima.

Jumapili asubuhi nilimkuta Mama akimenya ndizi nikamwambia yote, pamoja na zile dakika mbili. Miaka yote hajawahi kuvunja Sabato hata kwa kuokota kuni, na sasa mimi na kitufe changu tulikuwa tumemponza. Aliendelea kumenya. Akamaliza ndizi aliyoishika, akauliza.

"Hiyo saa yako ililiona jua?"

"Hapana. Ilikokotoa."

"Na mama yako mdogo?"

"Yeye aliliona."

Akatupa ndizi kwenye maji na kuchukua nyingine. "Miaka ishirini na sita nimengoja kukusikia ukisema hujui," alisema. "Neno hilo ulilisema siku nzuri, kukiwa na mashahidi."

Bado nina hoja. Kama anayeona ndiye mwenye haki, basi mlima wa bibi yangu ulikuwa na haki pia, na tumerudi tulikoanzia. Nilimwambia hivyo. Akanipa kisu nimenye.

Lile sasisho lina kitu kimoja kizuri, ingawa nilichukua wiki nzima kukubali: kitufe cha chini sasa unaweza kukipangia kazi unayotaka. Nililiondoa ua. Siku ya Ijumaa kivuli kinapogusa kizingiti, Mama hasemi tena bonyeza. Huushika mkono wangu mwenyewe, kidole chake kikiwa bado na weusi wa majani chai, akabonyeza kitufe na kukishikilia mpaka saa itetemeke, na huko juu simu ya mama mdogo ikaanza kulia.

"Bado," mama mdogo huitikia, kabla hata ya salamu. "Pikeni."