Dinah Gaskarth na Kondoo wa Ravenhow

Barua ilimwita "mjane wa marehemu Isaac Gaskarth", na Dinah akachukia kabla hajajua inataka nini. Miaka arobaini na minne amezalisha kondoo, amewakata manyoya, ameinua kuta za mawe zilizoporomoka, halafu leo anaitwa kwa jina la mtu aliyelala kaburini! Alivaa miwani akasoma hadi mwisho. Wenye ardhi walisema kwamba mwanamke wa miaka sitini na saba, tena peke yake, hawezi kuliteremsha kundi kutoka mlima Ravenhow. Msimamizi wao, Bwana Pickering, angekuja Jumatano saa tisa alasiri kuhesabu. Akikuta kondoo jike mia mbili na kumi na watatu zizini, Dinah angeendelea kukaa. Akipungua hata mmoja, shamba lingerudi kwa wenyewe, na nyumba ingekuwa ya kulaza wageni wanaokuja kutazama ziwa.

Katika bonde lile kondoo ni wa mlima. Mtu akihama, huliacha kundi palepale, akalikuta yule ajaye. Huko juu hakuna uzio hata wa ufito mmoja. Kondoo jike anaujua mpaka wake kwa kuwa mama yake alimwonyesha, naye atamwonyesha mwanawe, na hivyo ndivyo ilivyokwenda tangu zamani ambazo hazina mwenye kuzikumbuka. Jirani mmoja wa ng'ambo ya ziwa alijifanya mjuaji, akauza wake wote, akanunua wanono zaidi kutoka nyanda za chini. Haikwisha wiki wakawa wametapakaa mabonde matatu, na mmoja alikutwa bustanini kwa kasisi akila maua ya harusi. Mpaka leo hajaisha kuchekwa.

Kwa hiyo Dinah alijua vizuri kilichokuwa hatarini. Nyumba ingeweza kujengwa tena. Kundi likiondolewa mlimani mara moja tu, hakuna mnada duniani unaouza kondoo wanaoijua Ravenhow.

Alizaliwa maili mbili kutoka pale, upande wa pili wa ziwa. Akiwa na miaka sita baba yake alimfunika macho kwa kitambaa, akampa masikio ya kondoo ayapapase, amwambie ni wa nani kwa alama zilizokatwa. Hakukosea hata moja. Bahari aliiona mara moja, akarudi siku ileile kwa sababu kulikuwa na ng'ombe wa kukamua. Isaac alikuwa mtu mpole, mwenye kifua kibovu. Miaka kumi ya mwisho hakupanda mlima hata mara moja. Aliyepanda ni Dinah, na kila mtu bondeni alilijua hilo, isipokuwa waliokaa ofisini na karatasi zao.

Jumanne jioni simu ililia. Alikuwa Jonty Birkett, jirani yake. Jumatano ilikuwa zamu yake ya kukatiwa kondoo manyoya, na siku ya zamu bonde zima huhamia kwa mwenye zamu kumsaidia.

"Dinah, nimesikia. Naahirisha yangu, tuje kwako wote."

"Uahirishe nini? Wiki mbili unalilia jua. Manyoya mabichi utayakata wewe?"

"Dada yangu, shamba litakwenda!"

"Litakwenda wapi, lina miguu? Kaa na kondoo wako."

"Una kichwa kigumu wewe!"

"Ndicho kilichonifikisha hapa. Lala salama."

Akakata simu. Aliogopa, wala hakulificha hilo. Lakini kuomba huruma kwa kosa asilolifanya, hilo hapana. Akapiga moyo konde, akatia mkate wa tangawizi mfukoni, na alfajiri akatoka na Moss, mbwa wake mweusi mwenye jicho moja la kibuluu.

Kuwashusha kondoo wale si kazi ya mbio. Mbwa akizunguka kwa juu, wao wenyewe hufuata njia za mama zao. Shida ni mapengo. Kuta za mawe zilizo kando ya njia ya kushukia zizini zina mapengo saba, na kila pengo lisilo na mtu ni mlango wa kurudi juu. Moss alikuwa mmoja, na Dinah alikuwa mmoja mwenye goti bovu.

Saa tatu akawaona wageni wakipanda kutoka ziwani: watu saba wenye fimbo za kutembelea, wamevaa rangi za kuumiza macho. Kwa kawaida angejificha nyuma ya ukuta. Wageni walimchosha, waliacha mageti wazi na kupiga picha soksi zake zikiwa kambani. Mbele alikuwa baba mmoja mnene mwenye kofia ya njano.

"Habari za asubuhi, mama!" akasema. "Eti kondoo hawa ni wa hifadhi?"

"Hifadhi ni ya kwao," Dinah akajibu. "Mko wangapi?"

"Saba. Kwa nini?"

Dinah akahesabu mapengo kichwani. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, lakini yeye hakuwa na siku tatu.

"Kwa sababu leo hampandi kileleni. Leo mna kazi."

Walitazamana. Mwanamke mmoja akaanza kusema juu ya ratiba yao. Dinah akawaeleza mambo yote kwa sentensi tatu, bila kulalamika, na alipofika kwenye maneno "mwanamke peke yake hawezi", mwanamke yule akaikunja ramani yake.

"Tusimame wapi?" akauliza.

Akawapanga mmojammoja. Wa kofia ya njano, aliyeitwa Clive, alipewa pengo la juu kabisa.

"Nyoosha mikono. Wakija, usikimbie, usipige kelele. Na usitoke hapa mpaka nikuite mimi mwenyewe. Umesikia?"

"Nikibanwa haja je?"

"Utakaza roho."

Mpaka saa nane kundi lilikuwa likimiminika chini, la kijivu, likilalamika, Moss akilifuata ulimi nje. Dinah aliwaita wageni kila kundi lilipopita pengo, nao wakakimbia nyuma ya kondoo wakishangilia kama watoto. Saa tisa kamili Pickering alisimama getini na kalamu yake. Kondoo wakapita mmojammoja. Dinah alihesabu kimoyomoyo.

"Mia mbili na kumi na wawili," Pickering akasema, akakohoa. "Pole sana, mama. Amepungua mmoja."

Dinah akapitisha macho zizini, uso hadi uso. Alikosekana yule kondoo mzee mwenye pembe iliyovunjika, mkaidi kuliko wote. Akageukia wageni. Walikuwa sita.

"Mungu wangu," akasema. "Sijamwita!"

Akatia vidole viwili mdomoni, akapiga mluzi uliogonga ng'ambo ya ziwa ukarudi. "Claaaive! Njoo naye!"

Kitambo kidogo kofia ya njano ikatokea mtelemkoni. Mtu mwenyewe alikuwa mwekundu kama nyanya kwa jua, na mbele yake alitembea kondoo mwenye pembe iliyovunjika, amenuna.

"Saa mbili nzima tumetazamana!" Clive akapaza sauti. "Alitaka kupita, nikamwambia sijaitwa!"

Kondoo akapita getini. Pickering akaandika. Kisha akafunua mkataba mpya, akaandika kidogo, akaugeuza ili Dinah atie sahihi.

"Kwa mwaka huu sawa, mama. Sijui mwakani utafanyaje."

"Mwakani wewe njoo na viatu vya mlimani," Dinah akamwambia. "Nina pengo lako."

Akausoma mkataba. Mstari wa kwanza ulisema: mjane wa marehemu Isaac Gaskarth. Akairudisha karatasi bila kuigusa kwa kalamu.

"Futa hiyo."

"Mama, ni utaratibu tu..."

"Isaac hakuwahi kuomba asitiriwe kwa jina langu, na mimi siombi la kwake. Futa. Andika Dinah."

Pickering akawatazama wageni saba, vumbi usoni, wamesimama kwa mazoea kila mmoja na mikono yake imenyooshwa kidogo, wamemzibia njia ya kwenda garini. Akafuta, akaandika.