Gari la Jeneza

Fundi yule hafungui boneti bila bismillahi, wala hasemi neno mpaka oili aisugue baina ya kidole gumba na cha shahada. Kisha huvifuta vidole kwa kitambaa, polepole, tone lisiguse shati. Siku hiyo binti yake Batuli, aliyepewa jina la mamake fundi hata wakaitana mama na mwana, alishikwa na uchungu wa uzazi tangu alfajiri, na gari lililopatikana pale Mambrui ni la msikiti, la kubebea jeneza. Oili ilitoka nyeupe kama tui.

"Imeingia maji, mama. Gari hili ni makaburini na kurudi tu. Injini haipati moto, jasho lake labaki ndani. Hospitali ya Malindi halifiki, litakwama njiani."

"Basi litafika wapi, mwanangu?" akauliza Batuli.

Fundi akainama, akavifuta vidole shatini.