Siku Piano ya Mbarara Iliponivua Nguo

Hii aibu sikuletewa na mtu, niliitengeneza mwenyewe kwa kidole kimoja, na hata leo nikipita mbele ya ile kanisa kule Mbarara nainamisha kichwa kabisa.

Mwalimu wetu wa korali pale kambini Nakivale, Mzee Elia, alikuwa amepata safari ya kwenda Ulaya, akawa anatafuta mtu wa kumwachia korali. (Mwalimu ule, jamani! Ukikosea hakuiti jina mbele ya watu, anakuja kando yako anaimba kile kipande polepole mpaka sikio lako lishike, ndiyo maana tulimpenda mingi.) Mimi alinifundisha kinanda kwa do, ufunguo mmoja tu, akaniambia niendelee na funguo zingine, la, na fa, na zote. Uvivu! Kinanda chetu cha betri kilikuwa na kibutoni: unapiga do yako ileile, unakibonyeza, sauti inashuka yenyewe mpaka fasi waimbaji wanaiweza. Nikajisemea, nani atajua? Mwaka mzima nikapiga hivyo, mwalimu akidhani nimejifunza.

"Tukiimba muzuri Mbarara, kwenye kanisa yenye ilitualika," akaniambia, "korali ni yako."

Tunafika, natazama: piano ya mbao, ya zamani, haina kibutoni hata kimoja. Ningesema ukweli palepale, lakini kanisa ilikuwa imejaa, bamama wetu wamesimama na vitenge vipya, nikaketi tu, nikaanza na do yangu. Wee! Wimbo ukapanda juu, masoprano wakalia kama mbuzi, wanaume wakanyamaza, nikajaribu kuhamia la katikati ya wimbo, vidole vikapotea, nikainama kupapasa chini ya piano labda kibutoni kimejificha huko, na mzee mmoja wa Mbarara akaja kuchuchumaa kando yangu: "Wewe natafuta nini? Kitu imeanguka?"

Kanisa nzima ikacheka. Mwalimu akaja kimya, akanishika bega, akawapa waimbaji sauti kwa mdomo wake, wakaanza upya bila piano, vizuri kabisa. Hapo ndipo nilitaka kulia.

Nje akaniuliza, "Ulisahau, ao hukujifunza?"

"Sikujifunza, mwalimu. Niliogopa utaniona mujinga."

"Mujinga ndiye mi nafundishaka, mwana wangu. Mwenye kujificha, nitamufundisha namna gani?"

Korali alimwachia Furaha, binti wa alto mwenye maswali mingi. Mimi naketi kwenye mafunzo yake pamoja na watoto, najifunza la. Nimeapa: kitu sikijui, nasema sikijui, hata kanisa ijae mpaka mlangoni. Lakini mwalimu mwenye nilipaswa kumwambia hivyo mapema, ameshaenda Ulaya.