Saa Mbili ya Katibu

Mkitaka kunicheka nichekeni sasa tumalize, maana kuna watu wa mtaa wetu wa Mbotela hadi leo wakiniona kanisani na lile koti langu, ambalo mikono yake imepanda karibu ifike viwikoni, wanaziba midomo na kuangalia pembeni, na mimi najua wanachokumbuka, wanakumbuka katibu mzima wa kikundi cha kuogelea akiwa amesimama katikati ya bwawa na suti ya harusi yake, filimbi mdomoni, maji yamemfika kifuani. Ni mimi huyo. Sikatai.

Sisi ni kikundi cha watu wazima tu, wengine tulijifunza kuogelea tukiwa tayari na watoto wa sekondari (mimi kabla ya hapo maji mengi niliyowahi kuingia yalikuwa ya karai). Jumamosi tunakodi bwawa la hoteli moja ndogo karibu na Jogoo Road, na mara mojamoja tunashindana na wenzetu wa mtaa wa Baba Dogo. Kazi ya katibu ni kupanga mbio zifuatane vipi, nani aingie, nani apumzike, ili mtu asitoke kwa mbio moja akatupwa kwa nyingine kabla hajapata pumzi. Hiyo kazi naijua vizuri, msidhani. Kilichoniponza ni saa.

Mashindano ya kwanza, Baba Dogo walifika saa nne kamili wakatungoja sisi wenyeji, wenyeji jamani, hadi karibu saa sita. Wangeci, nahodha wao, ni mwanamke mpole ambaye akikukasirikia anakuita kwa cheo, na siku hiyo aliniambia tu, "Bwana Katibu, hata sisi tuna watoto nyumbani." Niliona aibu kweli. Kwa hivyo safari ya pili nikafanya ule ujanja ambao kila mtu aliyewahi kupanga harusi Nairobi anaujua: wageni nikawaambia saa nne, watu wangu nikawaambia saa mbili. Nilipiga hesabu nikaona saa mbili ya Mbotela ndiyo saa nne ya watu wengine, tutafika wote pamoja, hakuna atakayemngoja mwenzake, na kila mtu atanisifu.

Sasa, kuna Mzee Wekesa. Alistaafu kazi ya reli, na tangu ajiunge nasi alikuwa anapigana na kitu kimoja tu, kwenda hadi ukuta wa mbele na kurudi bila kusimama. Kila mara akifika katikati ya kurudi pumzi inaisha, anashika kamba. Na nyumbani mkewe, Mama Nafula, anayeuza mboga pale sokoni kwetu, alikuwa haamini hata kidogo kwamba mzee wa umri ule huamka Jumamosi kwenda kuogelea. Yeye alishaamua kuna mwanamke mahali. Mzee akimwonyesha taulo imelowa, anaambiwa hata kwa huyo mwanamke kuna bafu.

Basi Mzee akanivuta kando. "Kijana yangu, mwalike wewe. Mimi hataniamini. Nataka anione na macho yake, haya maneno yaishe."

Nikaenda nikanunua sukuma wiki, nikamwalika vizuri kwa heshima zote. Na kwa sababu yeye ni mgeni, si muogeleaji, nikamwambia saa nne.

Kile sikufikiria ni kwamba mtu wa reli ukimwambia saa mbili anasikia saa mbili. Asubuhi hiyo Mzee Wekesa alipita mlango kwa mlango akigonga na bakora, "Amka! Tunachelewa!" na mimi nilipofika na suti yangu (nilitaka safari hii nionekane mtu wa ofisi) nikakuta kikundi kizima kimeshavaa nguo za kuogelea, kimejipanga ukingoni, kinatetemeka. Ilikuwa mwezi wa saba, na baridi ya Nairobi ya mwezi wa saba mnaijua.

"Katibu, wageni wako wapi?"

"Wako njiani," nikasema. Njiani wapi! Walikuwa kitandani.

Nilivuta muda nikavuta, nikatoa matangazo ambayo hayakuwa na maana, nikaomba tuombe, tukaomba, na bado. Mmoja akaanza kuvaa suruali yake, nikaona nikimwacha huyu nimewapoteza wote. Nikasema basi, tuanze na mbio za wazee, damu ichangamke, wenzetu watatukuta. Aki ya Mungu, Mzee Wekesa siku hiyo aliogelea! Akaenda, akagusa ukuta, akarudi, pale katikati anapokwama siku zote akapita kama hapajui, akamaliza. Tulipiga kelele hadi wapishi wa hoteli wakatoka na mwiko mkononi. Yeye hakutuangalia. Alivua miwani yake ya maji akaangalia geti, halafu akaniangalia mimi.

"Hajafika?"

"Bado, Mzee."

Wacha niwaambie, hapo nilitamani sakafu inimeze.

Saa nne, Wangeci na watu wake wakaingia, wamekunywa chai, wamelala vizuri, na nyuma yao Mama Nafula na kikapu chake. Wangeci akaangalia vichwa vyetu vilivyolowa. "Bwana Katibu," akasema, "mmeogelea peke yenu mkashinda?"

Nikaanza kueleza, na kila nilivyoeleza ndivyo watu wangu walivyosikia kwa mara ya kwanza kwamba saa mbili ilikuwa ya uongo, ya kuwavuta tu wafike saa nne, na zile nyuso, bana, sitaki hata kuzikumbuka. Wangeci mwenyewe ndiye aliyeniokoa. Alisema turudie yote tangu mwanzo, ila mbio za wazee ziwe za mwisho, kwa sababu si haki Mzee aliyechoka ashindane na mzee wao ambaye hajagusa maji. Na hivyo ndivyo hata mimi ningepanga siku nyingine yoyote. Lakini Mama Nafula alikuwa ameshaniambia mboga ameachia jirani. "Nionyesheni hicho cha kunionyesha," akasema, "niende."

Nikamwangalia Mzee. Midomo yake ilikuwa bado inacheza kwa baridi.

"Weka sasa," akasema. Nikaweka sasa.

Alienda vizuri. Akagusa ukuta, akageuka, mzee wa Baba Dogo yuko mbele kidogo, na mimi natembea ukingoni sambamba naye na filimbi mdomoni. Alipofika pale katikati akasimama. Hakushika kamba. Aligeuka akalala chali, macho amefunga, mdomo wazi, haendi mbele wala nyuma. Kumbe alikuwa anapumzika, vile sote tulifundishwa siku ya kwanza kabisa, ukichoka geuka ulale juu ya maji. Mimi nilikuwa nimesahau kila kitu. Kichwani nilishamwona Mama Nafula akiniuliza mume wake yuko wapi.

Nikaruka. Na suti, na viatu, na simu mfukoni. Maji pale ni ya kifuani, kwa hivyo nilitua kwa miguu kama gunia la simiti, wimbi likamjaa Mzee puani, na mimi nikamkumbatia shingo kwa nguvu zote huku filimbi ikipiga yenyewe kila nikipumua.

"Niache, wewe!" Mzee akafoka akikohoa. "Napumzika!"

Bwawa zima likalipuka kwa kicheko. Hata wapishi. Na sheria kila mtu anaijua, ukishikwa na mtu majini umetoka, mbio zako hazihesabiki. Mzee alinisukuma kando, akavuta pumzi mbili tatu, akainama majini akaendelea, polepole, mkono baada ya mkono, mimi nimebaki nimesimama pale na tai inaelea mbele yangu.

Alipogusa ukuta Mama Nafula alikuwa ameshapiga magoti pale ukingoni na leso yake ya kiunoni ameifungua.

"Umeona?" Mzee akamuuliza.

"Nimeona." Akamfunika mabega, akaanza kumsugua kichwa kama mtoto. "Kumbe ni kweli, Baba Nafula. Kumbe ni kweli."

Wangeci ilibidi atangaze, na alitangaza kwa sauti ya chini, unaona kabisa hapendi. Akasema Mzee Wekesa ameshikwa, kwa hivyo mbio zake, samahani sana, hazihesabiki.

Mama Nafula akainua kichwa. "Hazihesabiki na nani?" akauliza. "Mimi nimehesabu."

Mboga zilikaa kwa jirani hadi jioni.

Siku hizi anayepanga ni Wangeci, kwetu na kwao. Mimi nimeachiwa kutangaza saa peke yake, na naapa, saa nne nikisema ni saa nne, hata kama nitakaa pale peke yangu. Lakini Mama Nafula bado haniamini. Kila nikienda kununua sukuma, kabla hajakata, ananiuliza Jumamosi ni saa ngapi, halafu anapaza sauti soko zima lisikie, "Ya ukweli, ama ya katibu?"