Bi Kitana na Kura ya Nane

Bi Kitana alikaa kwenye baraza la mji vipindi vitatu, na kipindi cha kwanza chote alikuwa mwanamke peke yake katika ukumbi ule. Watu wanaopenda kumsifu huanzia hapo. Yeye mwenyewe hapendi. Ukimsifia tu, anakukatiza: "Wa kwanza, wa kwanza! Kwani tulikuwa kwenye mashindano ya mbio? Niulize kilichonitoa jasho." Na kilichomtoa jasho ni kikao kimoja, alichoingia na hoja nzuri mkononi, akatoka ameiua kwa miguu yake mwenyewe.

Alikuwa msusi. Saluni yake ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha linalotazama barabara, kioo kilichopasuka pembeni na viti vya plastiki ambavyo mguu mmojawapo daima ulikuwa mfupi. Jina alilipata kwa kile kitana cha mbao alichokichomeka nywelani hata akienda msibani. Sasa, ususi una siri moja ambayo wanasiasa hawaijui: mtu akishakukabidhi kichwa chake, hawezi kuinuka habari ikiwa katikati. Atakaa, na akikaa atasema. Bi Kitana alijua ndoa zilizokuwa zinayumba, wakwe waliokuwa hawapikiki chungu kimoja, na ujauzito kabla mume mwenyewe hajaambiwa.

Mji ulikuwa na zahanati, na zahanati ilikuwa na wodi ya wazazi, safi, ya kupendeza. Ila ilifungwa Ijumaa jioni ikafunguliwa Jumatatu asubuhi, kana kwamba watoto nao huzaliwa siku za kazi tu. Mteja wake mmoja, muuza mboga, alishikwa na uchungu Jumapili. Alikokotwa hadi mlangoni, akakuta pamefungwa, akajifungulia pale pale nje. Mtoto hakuishi. Alipokuja kusuka baadaye alisimulia yote akiwa ameinamisha macho sakafuni, sauti haipandi wala haishuki. Mistari ya kichwa kile ilitoka imepinda, na mwenye kichwa hakulalamika.

Jioni ile akamwambia mumewe kwamba anagombea udiwani. Mumewe alikuwa fundi baiskeli, mtu wa maneno machache na grisi nyingi.

"Udiwani upi?" akauliza, mnyororo mkononi.

"Huo huo mnaougombea nyinyi wanaume."

"Mimi sigombei kitu, mke wangu. Mimi nagombana na mnyororo."

Lakini kesho yake alitoka na baiskeli tatu zilizopona, akawapa vijana wazungushe habari mtaani. Wifi yake Bi Kitana, dada wa fundi, akajipa kazi ya kupiga debe, na kelele alikuwa nazo. Wapinzani wakacheka. "Atatusukaje sisi wenye vipara?" mmoja akauliza mkutanoni. Bi Kitana akamjibu palepale, "Wewe nitakupaka mafuta ung'ae, angalau tukuone ukikimbia hoja." Watu walicheka hadi wakashikilia mbavu. Akapita, kwa tofauti ya kura chache, lakini akapita.

Ukumbi wa baraza ulikuwa na meza ndefu, feni iliyozunguka kwa kulalamika, na desturi yake ya kupiga kura. Hakuna karatasi, hakuna kunyoosha mikono. Mwenyekiti, ambaye nje ya baraza alikuwa na kiwanda cha mbao, husoma hoja, kisha husema, "Anayeunga mkono akae alipo. Anayepinga asimame." Karani anahesabu waliosimama, anahesabu waliokaa, mwenyekiti anagonga meza, imekwisha. Wameifanya hivyo tangu baraza lilipoanza, na hakuna aliyewahi kuona ubaya wake.

Miongoni mwa madiwani alikuwemo Mwalimu Nyoosha, mstaafu. Alikuwa amefundisha nusu ya mji, Bi Kitana akiwemo. Enzi zake, mwalimu akiingia darasani wote mlikuwa wima, visigino pamoja, na aliyechelewa kuinuka aliambiwa "nyoosha mgongo" huku fimbo ikimsaidia kuunyoosha. Mzee huyu aliipinga hoja ya wodi kufunguliwa siku zote saba, na hakuipinga kwa chuki. Mapaa ya shule yalikuwa yanavuja, watoto wanasoma katikati ya ndoo. Fedha za mwaka zilitosha kimoja tu, naye alitaka paa kwanza, wodi baadaye.

Siku ya hoja, Bi Kitana alizungumza vizuri. Hakutia chumvi wala kulialia. Alisimulia habari ya muuza mboga bila kumtaja jina, na wanaume wazima wakaanza kuchunguza kucha zao. Alikuwa ameshawapigia hesabu: nane wake, saba wa upande wa pili. Kisha Mwalimu Nyoosha akashikwa na kikohozi, akatoka nje kidogo, na mwenyekiti bila kusubiri akaita kura. Bi Kitana akakaa kama aliyegandishwa na gundi, mikono mapajani. Waliopinga wakasimama. Karani akanyoosha kidole, akaanza kuhesabu.

Mlango ukafunguliwa. Mwalimu Nyoosha akaingia, tai shingoni, mgongo umenyooka.

Na Bi Kitana akasimama.

Hakuamua. Miguu iliamua yenyewe, visigino vikakutana, na salamu ikamfikia ulimini akaimeza. Mwalimu akapita mbele yake hadi kwenye kiti chake, akabaki wima maana naye alikuwa anapinga. Kidole cha karani kikapita juu ya vichwa vyao wote wawili. Hapo ndipo Bi Kitana alipojirudisha kitini, taratibu, akijisifu moyoni kwa adabu.

"Nane wamepinga, saba wameunga mkono," mwenyekiti akasema, na meza ikagongwa. "Hoja imeanguka."

Bi Kitana akamkodolea macho diwani wa kulia kwake. Msaliti! Akamkodolea wa kushoto. Alitoka ukumbini ameshaandaa matusi ya watu wawili wasio na hatia, wifi yake akamdaka kwenye korido. Wifi alikuwa amekaa viti vya wananchi, ameona kila kitu.

"Wifi, umerogwa? Mbona ulisimama?"

"Nilisimama wapi?"

"Pale! Mzee alipoingia! Umeipinga hoja yako mwenyewe mbele ya macho yangu!"

Bi Kitana akaegemea ukuta. Alijiona kabisa, mtu mzima, mama wa watoto, amesimama wima kama mtoto wa darasa la tatu, na kwa kusimama kule wanawake wa mji mzima wamebaki nje ya mlango.

Habari haikuchukua muda kufika sokoni. Tulimpeleka mwanamke mmoja tu, watu wakasema, na hata kukaa hajui. Walisema wakicheka, na hilo ndilo lililomuuma, maana hata yeye angecheka kama ingekuwa ni mwingine. Wateja wengine wakagundua ghafla kwamba vichwa vyao havijachakaa. Mumewe alijitahidi. "Kwani umeua mtu?" akamuuliza siku moja mezani. Bi Kitana akasukuma sahani, akasema, "Bado. Lakini Jumapili inakuja." Fundi hakufanya utani tena kwa siku kadhaa.

Karani, ambaye roho ilikuwa inamsuta kidogo, alimweleza kanuni. Hesabu ya kura inaweza kusahihishwa kikao kinachofuata, kabla kumbukumbu hazijathibitishwa. Lakini neno la mwenye kura halitoshi, maana kila aliyebadili mawazo angedai alihesabiwa vibaya. Lazima ashuhudie diwani wa upande wa pili, na aliyeona kwa macho yake.

"Na kwa upande wa pili nani aliniona?"

Karani akajikuna kichwa. "Wengine walikuwa wamekupa kisogo. Aliyekuwa anakutazama usoni ni mmoja tu."

Basi akaenda. Mwalimu Nyoosha alikuwa uani kwake, ameketi, anachambua maharage kwenye ungo. Bi Kitana akamwamkia, akabaki wima hadi alipoonyeshwa kiti. Akaeleza. Hakuomba kura wala hakutaja wodi. Alisema tu kilichotokea.

Mzee akaendelea kuchambua. "Kwa nini ulisimama?"

"Kwa sababu umeingia, Mwalimu."

Mikono ya mzee ikatulia juu ya ungo.

"Nikisema hivyo barazani," akasema, "paa la shule ninalihamisha mimi mwenyewe hadi mwaka ujao."

"Najua, Mwalimu."

"Nenda nyumbani."

Bi Kitana akaondoka na hayo hayo, akayageuza kichwani usiku na mchana hadi yakakosa maana. Mara yalisikika kama ndiyo, mara kama hapana, mara kama mzee anayetaka kumaliza maharage yake kwa amani. Kwa mumewe alisema hana wasiwasi. Siku ileile akamsuka mteja upande mmoja mistari ikienda mbele, upande wa pili ikienda nyuma.

Kikao kikaja. Karani akasoma kumbukumbu. Mwenyekiti akauliza kama kuna marekebisho, kalamu yake tayari iko juu ya karatasi. Bi Kitana akainuka, na kuna mtu nyuma akanong'ona, "Haya, amesimama tena," watu wakacheka chinichini. Alijikaza akasema lake: alihesabiwa upande usio wake.

"Nani anashuhudia?" mwenyekiti akauliza.

Feni ikalalamika peke yake. Mmoja akatazama dari, mwingine viatu vyake. Kalamu ya mwenyekiti ikaanza kushuka.

"Mimi," akasema Mwalimu Nyoosha.

Akasimama polepole, magoti yakimgomea. "Huyu mama hakupinga kitu. Alisimama kwa sababu mimi niliingia. Nilimfundisha hivyo mwenyewe, na nilimfundisha kwa fimbo. Hoja yake naipinga hata leo. Paa linavuja, na mwaka mwingine litavuja. Lakini ile si kura, ile ni adabu. Mtu asinihesabie adabu ya wanafunzi wangu kuwa kura."

"Mwalimu," mwenyekiti akasema, "unajua kwamba unajishinda mwenyewe?"

"Nilifundisha hesabu miaka yote ile. Najua saba na nane."

Mwenyekiti akamtazama karani, karani akatikisa kichwa kukubali. Mstari ukakatwa, namba zikabadilishana nafasi, meza ikagongwa. Hoja imepita.

Bi Kitana alishusha pumzi ndefu hadi mabega yakashuka nayo. Alidhani atalia, kikamtoka kicheko, kisha vikaja vyote viwili kwa pamoja, na wifi yake kule nyuma akapiga kigelegele mpaka akatishiwa kutolewa nje. Roho ilimtulia kiasi kwamba alisikia njaa, njaa ya kweli, kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya korido. Hoja yake ya pili barazani ilikuwa paa la shule. Mwalimu Nyoosha aliiunga mkono akiwa amekaa, na hakumwambia asante, wala Bi Kitana hakuingojea.

Wodi ilianza kufanya kazi siku zote saba. Jumapili ya kwanza Bi Kitana alishindwa kukaa nyumbani. Alivaa kanga ya kawaida, akaenda zahanati mchana, akasimama karibu na bomba kama mtu aliyefuata maji. Muuguzi alikuwa ndani anakunja mashuka. Hapakutokea kitu kwa muda mrefu, akaanza kujiona mjinga. Kisha wakaja vijana wawili, mume na mke, wageni kwake kabisa, mke amejishika kiuno, anasimama kila hatua chache na kuvuta hewa. Walimpita Bi Kitana karibu kumgusa. Kijana akamsukuma kidogo kwa kiwiko akisema, "Tupishe, mama," na Bi Kitana akawapisha upesi. Wakaingia moja kwa moja, muuguzi akaacha mashuka, akampokea yule binti mkono. Hawakugeuka nyuma. Hawakujua kwamba wiki moja mapema wangebaki nje, na hakuna aliyekuwa na haja ya kuwaambia.