Simu Iliyoniuliza

Binti yangu anakula mushahara kwa kazi ya kulazimisha simu ziulize swali. Mutu akitaka kujua mutoto wangu anafanya nini huko Ulaya, njo hivyo ninavyomujibu, na hapa Kasuku, mutaa wetu wa Kindu, wanacheka kila mara. Jirani yangu mwenye duka, mufanyabiashara wa kutoka Kivu ya Kaskazini, mutu wa kanisa na wa hesabu, aliniambia siku moja: "Muzee, huyo mutoto anakudanganya. Kazi ya vile haiko." Nilimwambia anyamaze, auze vitunguu vyake.

Kazi iko, na mimi naielewa kuliko wote wanaocheka. Kule kuna ofisi inayochunga wafanyabiashara wakubwa wasiwakabe koo wadogo. Sasa, kampuni inayotengeneza simu inatengeneza pia ule mulango unaoupitia ukitaka kuingia kwenye internet. Binti yangu anauita kwa Kifaransa. Simu yenye lugha ya Kiswahili inauita kivinjari, neno ambalo sikuwahi kulisikia Kindu tangu nizaliwe. Unanunua simu, mulango wao uko ndani tayari, na hata haikupiti akilini kama iko mingine. Ofisi ya binti yangu ikasema hapana, simu iulize kwanza. Ioneshe milango yote, ya wakubwa na ya wadogo, bila kupendelea wa mutu yeyote, na mwenye simu achague kwa kidole chake. Yeye kazi yake ni kuangalia kama kweli wanauliza, ao wanalificha swali mahali ambapo hakuna atakayeliona.

Mambo hayo yote nilijifunza kwa sababu moja tu: sikuwa na la kuongea naye.

Naishi peke yangu. Zamani niliuza tikiti kwenye gare ya treni, nikiwauliza watu kutwa nzima wanaenda wapi, na leo hata hao wa kuuliza sina. Muke wangu alikufa wakati wa vita. Binti yetu aliondoka Kindu akiwa bado na meno ya utoto, akalelewa na dada yangu mukubwa, kwanza Kinshasa, halafu Ulaya, na dada naye kazikwa huko huko kwenye baridi. Tukabaki sisi wawili na Jumapili yetu. Kila Jumapili alinipigia. Uko muzima? Niko muzima. Na weye? Niko. Na mvua? Inanyesha. Na baridi? Iko. Halafu kimya, kila mutu anasikiliza pumzi ya mwenzake, mupaka mumoja wetu anaona haya na kusema haya basi, tutaongea. Ile kimya niliichukia. Nilikuwa naweka simu chini na kukasirika na meza, na kiti, na redio.

Jumapili moja alikuwa amechoka, akataja kazi yake, nami nikamuuliza swali, swali la kijinga tu. Akaongea mupaka sikio langu likapata moto. Kesho yake nilishuka ukingoni mwa muto Lualaba, kule rezo, mutandao wa simu, inakopatikana vizuri, nikaanza kusoma na kasimu kangu kadogo, ukurasa mumoja unafunguka, wa pili umekwama. Juma lote nikawa natayarisha swali langu kama mwanafunzi. Siku nilipomuuliza kwa nini wale wadogo wasitangaze tu bidhaa yao wakaacha kulia kwa serikali, alisema: "Papa, hiyo umeitoa wapi?" Nilitembea na hilo neno moyoni juma zima. Najua ni furaha ya mujinga, mutu wa umri wangu kusoma sheria za Wazungu ili mutoto wake asiharakishe kukata simu. Lakini ilikuwa furaha.

Kuna jambo alilolirudilia mara nyingi. "Watu wengi hawachagui, Papa. Kile walichokikuta njo wanabaki nacho. Ukinyamaza, umekubali kile walichokuwekea. Wakubwa wanajua hivyo, njo maana wanapigana wawe wa kwanza kwenye simu."

Nilimwambia sihitaji Ulaya inifundishe hilo, nililijua kwa chumvi. Wakati wa vita treni ilikufa, majani yakaota katikati ya reli. Watu wa Kibombo, mbele kwenye reli, walikuwa na muchele bila chumvi, sisi hatukuwa na muchele wala chumvi. Samaki wa Lokandu hawakufika tena, kwa sababu muto ulikuwa na bunduki pande zote. Ikabaki ndege tu. Aliyekuwa na nafasi kwenye ndege njo alikuwa na chumvi, na sabuni, na dawa. Upande wetu mwenye chumvi alikuwa mumoja, na hata bei hakuwa nayo: alikuangalia uso kwanza, halafu akasema. "Na kama ungeniuliza," nikamwambia binti yangu, "ningesema nimechagua kununua kwake." Alicheka sana. Ilibidi niishie kwenye chumvi, maana nikigusa ile ndege ninamugusa yeye.

Mama yake alikuwa amekufa kwa malaria, na dawa ilikuwa Goma, na kati yetu na Goma kulikuwa na vita. Dada yangu akapata nafasi kwenye ndege ya mizigo, na ruhusa ya kupakata mutoto mumoja. Jioni ile tulilia pamoja, mimi na yeye, nyuma ya nyumba, binti asituone. Asubuhi tukafika kwenye kiwanja cha ndege. Dada akanigeukia mbele za watu, mukono wake uko juu ya kichwa cha mutoto, akaniuliza: "Nimubebe, ao nimuache?"

Nikajibu: "Ni weye njo unajua, yaya."

Sasa, mutu wa kwetu anaelewa. Yaya wako, mukubwa wako wa kuzaliwa, akikuuliza, hauchagui. Hata ukiwa mugeni kwa mutu, wakikuuliza utakula wali ao ugali, unasema chochote kile kiko. Kunyoosha kidole na kusema nataka hiki ni kukosa adabu, utafikiri umelelewa sokoni. Swali ni heshima yake kwako, na jibu lile ni heshima yako kwake. Dada yangu alijua moyo wangu ulikuwa wapi. Mutu muzima yeyote aliyesimama pale alijua. Asiyejua alikuwa mumoja tu, na alikuwa amekumbatia furushi la nguo zake, anatuangalia kutoka chini.

Mimi sikuwahi kulifikiria tena, mupaka simu ilipokuja.

Binti yangu aliituma kwa mutu aliyekuwa anasafiri. Simu nzuri, nyembamba, inateleza mukononi kama sabuni. Alikuwa ameifungua huko huko kwake, akaiwekea Kiswahili, akatengeneza kila kitu, isipokuwa kile kimoja aliniachia. Nilipogusa nikitaka kuingia kwenye internet, ikaandika: Chagua kivinjari chako. Chini yake kukapangwa picha ndogo ndogo, mulango juu ya mulango. Jirani yangu wa duka alikuja kuona. Simu zake, alizonunua hapa hapa Kindu, hazikuwahi kumuuliza kitu, maana sheria ya kule inaishia kule. Akasimama na kumeza maneno yake ya zamani. Halafu akasema: "Gusa tu ule wa juu, muzee, tuone." Nilimuzuia mukono.

Sikugusa wa juu wala wa chini. Niliirudisha kwenye karatasi yake nikaendelea na kasimu kangu ka zamani. Sikujua kwa nini. Nilikuwa napenda tu kulikuta pale, hilo swali. Mara moja moja asubuhi nilifungua, nikaliangalia, nikafunga.

Jumapili akaniuliza, kwa sauti ya furaha: "Umechagua?"

"Bado, mama. Nachagua nini, mimi? Unichagulie tu. Ni weye njo unajua."

Ile furaha ikamutoka kwenye sauti. Halafu akasema: "Ulisema hivyo hivyo."

"Lini?"

"Kwenye ndege. Shangazi alikuuliza, Papa. Mimi nilikuwa nasikia. Nilikuwa nangoja useme muache."

Nilikasirika. Sijui nani asingekasirika. Nilimwambia alikuwa mutoto, hajui vita ni nini, hajui nini maana ya kuzika mama yake kwa kukosa kidonge. Nilimwambia pale hapakuwa na cha kuchagua, na kwamba ni rahisi kuongea uchaguzi mutu akiwa amekaa kwenye ofisi yenye moto wa ukutani wa kufukuza baridi. Alinisikiliza mupaka mwisho. Kisha akasema taratibu: "Sisemi ungeniacha pale, Papa. Ningekufa, najua. Nasema tu haukusema kama unanitaka." Akanitakia usiku mwema kwa adabu kabisa, kama anavyomwambia mutu wa ofisini. Ile adabu iliniuma kuliko maneno.

Jumapili iliyofuata hakupiga. Nyingine hakupiga. Nikambipu. Mimi miaka yote nilikuwa nambipu tu: unaacha iite mara moja, unakata, mwenye uwezo anakupigia. Hakuna aibu ndani yake, Kindu nzima inaishi hivyo. Nilibipu, nikangoja nimekaa na simu juu ya goti. Nikabipu tena. Kimya. Nikajiambia rezo, nikajiambia kazi nyingi. Niliwahi kuwa mupweke kabla ya hapo, lakini upweke wa kabla ulikuwa na Jumapili ndani yake. Huu haukuwa na kitu. Nilipika sombe, majani ya muhogo, nikala nusu, nusu nikaimwaga. Jirani aliniuliza habari za mutoto, nikasema yuko muzima. Nilimukumbuka sana binti yangu, na niliyemukumbuka hakuwa yule mama wa sheria. Ni yule wa furushi.

Halafu akapiga, muchana, siku ya kazi. Nilikuwa natoka sokoni na fungu la mboga. Sauti yake ilikuwa ya mutu aliyefanya mazoezi ya maneno yake.

"Papa, mwezi wa nane niko na likizo. Naweza kuja Kindu. Ao nisije? Unasema nini?"

Na kinywa changu, kabla kichwa hakijafika, kikajibu: "Ni weye njo unajua, mama."

"Sawa, Papa," akasema. "Sawa." Simu ikakatika.

Nilisimama pale na mboga zangu. Pikipiki zikanizunguka, zikinipigia honi. Nilijiona wazi kabisa kwenye kile kiwanja cha ndege, na heshima yangu yote, na ile ndege ikifunga mulango. Kile nilichonyamazia njo kilibaki. Alikuwa ameniambia mara ngapi, kwa lugha ya simu na makampuni, na mimi nikifikiri ananifundisha sheria.

Kwenye kona ya wenye pikipiki kuna mama mumoja anauza inite, salio la kupigia simu, chini ya mwavuli. Ananijua. Nikamwambia aniwekee, za kupiga Ulaya. Akaniangalia. "Leo haubipu, muzee?" Nikamwambia anifanyie haraka, aache maswali, halafu nikaona haya kwa kumujibu vile, lakini sikuwa na nafasi ya kuomba samahani. Nikapiga. Ikaita mara moja, na kidole changu chenyewe kikataka kukata, kwa mazoea. Nikakishika. Ikaendelea kuita.

"Papa? Kata, nikupigie."

"Hapana. Mimi njo nimepiga." Sauti ilikuwa inanitoka kubwa kuliko nilivyotaka, kwa ajili ya pikipiki. "Kuja. Nataka uje. Usiniulize tena kama uje ao usije, mimi nakutaka hapa. Na siku ile ya ndege nilitaka ubaki. Nilikuwa nakutaka, mama. Sikusema."

Wenye pikipiki walikuwa wamegeuka kuniangalia, mutu muzima na fungu la sombe kwapani, analia na simu. Mama wa mwavuli aliinamisha macho akajifanya anahesabu kadi zake. Nikaondoa simu sikioni, nikaangalia kama inite zimekwisha, nikairudisha.

"Rudilia, Papa," akasema. "Sikusikia vizuri."

Rezo ilikuwa safi siku hiyo. Nilikuwa nasikia hata kikombe chake akikiweka mezani. Nikarudilia.