Samli ya Igawa na Mawe ya Nyongo

Mume wangu alikuwa dereva wa basi lililokwenda kati ya Iringa na Mbeya, na karibu kila kituo alikuwa na mahali pake pa kula. Makambako kulikuwa na sambusa. Igawa kulikuwa na mama yake. Nyumbani Mbeya nilikuwapo mimi, mke wa mwaka wa pili, ninayemimina samli sufuriani bila kuangalia imefika wapi.

Samli yenyewe ilitoka kwa mama mkwe. Yeye alikuwa Msangu, mwenye ng'ombe, na kila mwezi alimkabidhi mwanawe debe zima pale Igawa kabla basi halijazimwa. Debe tupu lilipochelewa kurudi, alituma salamu kuuliza kama nimeacha kupika.

Mimi nimezaliwa Kalenga. Kwetu mboga iliungwa kwa karanga au kwa mbegu za maboga zilizotwangwa; mafuta yalikuwa ya sikukuu. Mama mkwe alipoonja mboga yangu ya kwanza alitafuna polepole, kisha akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, humu ndani kuna mgonjwa?" Tangu siku hiyo nikajifunza kutumia samli. Nilijifunza vizuri kupita kiasi.

Jumapili moja ya mwezi wa sita, tuliporudi kanisani, mume wangu alikula wali unaong'aa, nyama ya mafuta na chapati mbili. Hata hajanawa mikono, akajishika chini ya mbavu za kulia na kujilaza kwenye saruji baridi. Jasho lilimtoka na baridi yote ile ya Mbeya. Nilipiga kelele. Jirani yetu mwenye gari la kubebea mbao akatupakia na kutupeleka hospitali.

Daktari alikuwa Mhindi wa makamo, mwenye Kiswahili safi kuliko changu. Alimlaza siku tatu, na maumivu yalipotulia aliniita pembeni.

"Mumeo ana mawe kwenye mfuko wa nyongo," alisema. "Akila mafuta mengi, mfuko unajikaza na mawe yanamuumiza. Kwa hiyo samli basi. Mafuta ya nguruwe basi. Nyama ya mafuta basi. Mpikie kwa mafuta ya mbegu, kijiko kimoja sufuria nzima."

"Kijiko cha chakula?"

"Cha chai, mama."

Tuliporuhusiwa kurudi nyumbani nilisimama mbele ya rafu yangu ya jikoni kama mtu aliyeambiwa ahame. Samli nusu debe. Kopo la mafuta ya nguruwe tuliyopewa na Wabena wa nyumba ya tatu. Siagi. Niligawa vyote kwa majirani, nikaosha rafu kwa maji ya moto na majivu, kisha nikaenda kununua upya: dengu, maharage, samaki wakavu wasio na mafuta, ndimu, bizari, vitunguu vingi. Dukani nilipata chupa ya mafuta ya karanga na nyingine ya ufuta. Sokoni, mwanamke wa Kyela aliniuzia mawese mekundu. Kondakta wa mume wangu akaniletea kutoka Iringa chupa ya mafuta ya alizeti, yaliyokamuliwa na mkulima mmoja wa huko. Nilizipanga chupa nne nikazitazama. Nilikuwa sijui nianzie wapi.

Sikupata nafasi ya kuanza. Mama mkwe alikuwa amesikia habari za ugonjwa, akapanda basi la kwanza. Aliingia na debe jipya kichwani, akamkumbatia mwanawe, akalia kidogo, akaja moja kwa moja jikoni.

"Samli yangu iko wapi?"

Nikamweleza maneno ya daktari. Alisikiliza hadi mwisho, mikono kiunoni.

"Kijiko cha chai," alisema. "Kijiko cha chai ni cha dawa, mwanangu, si cha kupikia. Mtoto huyu nimemlea kwa samli. Amekuwa mrefu kwa samli. Leo iwe sumu?"

"Mama, si mimi niliyesema."

"Basi nitamwona aliyesema."

Asubuhi yake alijifunga khanga mbili, akajaza samli kwenye kopo, akaenda hospitali peke yake. Nilikaa nyumbani kumsubiri. Mawazoni nilimwona akifukuzwa, nikamwona akimwagia daktari samli mezani. Mchana alirudi mikono mitupu, mwendo wa taratibu, akaketi kwenye kigoda.

"Mama, imekuwaje?"

"Nimemwambia aonje kwanza ndipo aseme. Akachovya kidole, akaonja, akachovya tena. Akasema hajawahi kula samli nzuri namna hii tangu aondoke nyumbani kwa mama yake."

"Kwa hiyo ameruhusu?"

"Hapana. Amesema ni nzuri kwa mtu asiye na mawe." Akavuta pumzi. "Yeye hana. Nimemwachia kopo."

Nilicheka hadi nikashika ukuta, naye akaanza kucheka, na mume wangu akaita kutoka chumbani tumwambie kuna nini.

Lakini kushindwa na daktari hakukumfanya anikubali mimi na chupa zangu. Alizinusa moja moja. Ya ufuta akaisifu. Ya mawese akaiweka mbali na khanga yake. Kisha akauliza kama nina visosi vitano. Jioni hiyo akamimina kijiko cha kila mafuta katika kisosi chake, cha tano akatia samli yake, akavipanga nje kwenye kizingiti cha dirisha na kuvifunika kwa ungo.

"Ninyi mna baridi ya bure huku," alisema. "Tuone kipi kitaganda. Kinachoganda hapa sikitaki tumboni mwa mwanangu, penye mawe tayari."

Sikujua kama ndivyo tumbo linavyofanya kazi, na mpaka leo sijui. Asubuhi nyasi zilikuwa nyeupe kwa umande ulioganda. Tulifunua ungo tukiwa tumejitanda mablanketi. Samli ilikuwa ngumu kama sabuni. Mawese yalikuwa yameganda pia. Ya karanga yamekuwa mazito na ukungu ndani. Ufuta na alizeti yalitembea kwenye kisosi kama maji.

Mama mkwe alibonyeza samli yake kwa kidole. Kidole hakikuzama. Nikamwonea huruma, maana ile ilikuwa kazi ya mikono yake ya miaka mingi.

"Haya," alisema hatimaye. "Washa moto."

Siku ile tulipika pamoja kwa mara ya kwanza. Mchicha tuliukaanga kwa ufuta. Mume wangu akasema una uchungu. Maharage tukayaunga kwa alizeti, kijiko kimoja, na vitunguu tulivyoviacha viive polepole kwa maji kidogo hadi vikawa rangi ya asali. Hayo aliyamaliza. Nyama tulichemsha, tukaiacha ipoe, tukaondoa mafuta yaliyoelea juu. Mama mkwe ndiye aliyekuwa mkali kuliko daktari. Alishika kijiko yeye mwenyewe na kukipangusa ukingoni mwa chupa ili lisizidi tone. Akaniuliza jinsi ya kutwanga mbegu za maboga. Nilimwonyesha, tukafanya mchuzi mzito ambao aliula, akaongeza, akaula tena.

Alikaa wiki tatu. Alipoondoka alichukua kiganja cha mbegu za alizeti alizoletewa na kondakta, na masika yaliyofuata akazipanda nyuma ya zizi. Debe la samli liliendelea kuja, ila dogo, na agizo lake: la mkwe wangu na wageni.

Mume wangu aliumwa tena mara mbili tu, zote baada ya harusi za watu. Alipungua hadi suruali zake za kazi nikazibana kiunoni, na kondakta akawa anamtania kwamba abiria watadhani basi limepata dereva mpya. Makambako, muuza sambusa alimkasirikia kwa kumpita, mpaka siku moja akamtengea mahindi ya kuchoma. Akayala amesimama, mguu mmoja juu ya ngazi ya basi, akanisifia hayo mahindi jioni nzima.